SAR na Urari wa Mafuta: Kuusoma Muundo wa Bunduki kati ya Handeni na Mpale

Wengi wetu tumeijua bunduki ya SAR kwa kuitazama begani mwa askari wa gwaride. Mbao kuanzia kitako hadi karibu nusu ya mtutu, singe iliyokunjwa kwa chini, urefu unaozidi mita moja kidogo na uzito usiofika kilo nne: ndivyo umbo lake linavyojitambulisha kwa mbali, na kwa umbali huo linatosheleza kiasi kwamba mtazamaji haoni haja ya kuuliza zaidi. Uhakiki unaoishia hapo, hata hivyo, ni uhakiki wa jalada. Kazi ya Sergei Simonov, iliyokamilika katika Urusi ya Kisovieti mwaka 1945 na kuanza kuundwa China mwaka 1956, imeandikwa ndani, kwenye chuma kisichoonekana mpaka silaha ifunguliwe. Rai yangu ni kwamba muundo huu husomeka vizuri zaidi pale unapogoma kufanya kazi, na kwamba mkono ulioshika chupa ya mafuta ndio unaodhihirisha kama msomaji ameuelewa au ameukariri tu.

Naisoma katika ukanda mmoja, kutoka Kabuku na Handeni hadi milima ya Mpale upande wa Korogwe. Kabuku ndiko kiliko kikosi cha 835 KJ, Mgambo JKT, na kijana anayepitia mafunzo ya silaha jeshini huanza kwa kufungua na kufunga, kabla hajaaminiwa kulenga shabaha. Kwa hiyo wapo katika nchi hii wasomaji wengi wa chuma ambao hakuna aliyewahi kuwaita wahakiki. Bunduki yenyewe nayo si ngeni huku. Semboja, mwana wa Kimweri ye Nyumbai, aliimarisha nguvu zake pale Mazinde katika karne ya 19 kwa biashara ya misafara na kwa bunduki zilizopanda kutoka pwani, na gobore limeendelea kuwa chombo cha mwindaji wa Kizigua muda mrefu baada ya misafara ile kukoma. Ladha ya kutazama mtutu kwa jicho la fundi haikuletwa na jeshi.

Tuifungue basi, baada ya kuhakikisha kwamba chemba na magazini ni tupu. Mpangilio wake wa ndani ni msururu wa matendo yanayorithiana, kila moja likipokea nguvu kutoka kwa lililotangulia na kuikabidhi kwa linalofuata. Risasi inapopita kwenye mtutu, sehemu ndogo ya gesi ya baruti hupenya tundu lililotobolewa upande wa juu na kuingia kwenye silinda ya gesi. Gesi huisukuma pistoni. Pistoni hugonga kijiti kifupi chenye springi yake, ambacho hapa nitakiita kisukumio. Kisukumio hugonga kibebabolti, yaani kile chuma kizito kinachoipanda bolti mgongoni. Na kibebabolti, kikisharudi nyuma kidogo, huinua mkia wa bolti kutoka kwenye egemeo lililochongwa sakafuni mwa chumba cha bolti. Hapo ndipo mfungo unapofunguka. Bolti huondoka na ganda tupu kwenye kucha yake, ganda hugota kitupio na kuruka nje, nyundo hulazwa, springi ya nyuma hujibana hadi mwisho wake, kisha yote hurudi, bolti ikichota risasi mpya kutoka magazini na mkia wake ukishuka tena kwenye egemeo.

Ukitazama kwa makini, utaona kwamba msanii ameweka kituo mahali ambapo wengine wangeunganisha. Katika SMG, bunduki nyingine ambayo China iliipa namba 56 sawa na SAR na ambayo hutumia risasi ileile ya milimita 7.62 kwa 39, pistoni na kibebabolti ni kipande kimoja: gesi ikisukuma, chuma chote husafiri pamoja kutoka mwanzo hadi mwisho. Simonov amekata. Pistoni yake husafiri hatua fupi na kukoma. Kisukumio hupokea kishindo, hukipeleka, na springi yake hukirudisha mahali pake. Kibebabolti huendelea na safari kwa nguvu ya pigo ambalo kimekwisha kupewa. Vipande vitatu vinagusana bila kufungamana. Athari ya ukataji huu ni kwamba uzito unaotembea ndani ya silaha ni mdogo, na mpigaji anayejua kusikiliza bega lake hupata pigo tulivu kuliko ukubwa wa risasi ungemfanya atarajie. Gharama yake ni kwamba kuna maungio mengi zaidi ya kuchunguza, na maungio ndiyo makazi ya hitilafu.

Hapa ndipo suala la mafuta linapoacha kuwa la usafi na kuwa la tafsiri. Msomaji wa haraka huamini kwamba silaha iliyopakwa mafuta kila mahali imetunzwa kila mahali, na ukimpa chupa ataimwaga kuanzia silinda ya gesi hadi kifyatuo. Muundo wenyewe unamkanusha. Silinda ya gesi na kichwa cha pistoni hutakiwa kuwa vikavu: mafuta yakikaa mahali panapopigwa na gesi ya moto, huungua, huacha masizi magumu, na masizi hayo huibana pistoni ambayo iliundwa iteleze kwa nafasi iliyo wazi. Chemba nayo hutakiwa iwe kavu, kwa sababu ganda linapotanuka wakati wa mlipuko hushika kuta za chemba kwa kitambo, na mshiko huo hupunguza pigo linaloelekea kwenye bolti. Ukiulainisha kwa mafuta, mzigo wote unarudi nyuma. Njia ya pini ya kufyatulia, lile tundu refu ndani ya bolti, ni eneo la tatu la ukavu, nalo nitalirudia kwa kuwa ndilo lenye hatari kuliko yote.

Mafuta yanastahili mahali ambapo chuma hupanda juu ya chuma: reli mbili ambazo kibebabolti hutelezea, migongo inayoinua mkia wa bolti, uso wa egemeo linalopokea mkia huo, sehemu ya chini ya kibebabolti inayoilaza nyundo, mhimili wa nyundo, na fimbo ya springi ya nyuma. Hata hapo ni utando tu, kiasi cha kung'arisha bila kutiririka. Tone linaloweza kukusanyika na kuanguka limeshazidi. Kwenye egemeo, ambako msuguano ni mzito na mwendo ni mfupi, wapo wanaopendelea grisi nyepesi, na hoja yao ni nzuri ilimradi silaha haiendi vumbini. Kinachonivutia katika mgao huu ni urari wake. Simonov ameigawa kazi kati ya maeneo yanayohitaji kulainishwa na maeneo yanayohitaji kuachwa, na ukubwa wa msomaji unapimwa zaidi kwa yale aliyoyaacha.

Silaha mpya, iliyotoka kiwandani au ghalani bila kufyatua hata mara moja, inaudhihirisha urari huo kwa njia ya kutisha. Bunduki za aina hii hazikusafirishwa kavu. Zilijazwa grisi nzito ya kuhifadhia, ile inayofanana na nta ikipoa, ikaingizwa katika kila tundu ili chuma kisishike kutu baharini na ghalani. Anayeipokea huifuta mbao, huupitisha mdeki kwenye mtutu, huona chuma kinang'aa, na kudhani amemaliza. Lakini ndani ya bolti mna pini ambayo, katika idadi kubwa ya SAR zilizoundwa, haina springi ya kuirudisha nyuma. Imeachwa huru kwenye njia yake, ikitegemea tu kwamba njia hiyo ni safi. Grisi ikiganda humo, pini inaweza kukwama ncha yake ikiwa imechomoza mbele. Bolti ikirudi na kufunga, ncha hiyo huigonga fataki bila kifyatuo kuguswa, na risasi hutoka. Ganda hutupwa, bolti hurudi na risasi nyingine, nayo hutoka. Na mfululizo unaweza kuendelea mpaka risasi kumi za magazini ziishe. Sefti haisaidii, kwa sababu sefti ya SAR huzuia kifyatuo peke yake, na kifyatuo hakimo katika tukio hili.

Ni kasoro au ni uamuzi? Naelekea upande wa uamuzi, ingawa ni uamuzi unaodai msomaji mwenye adabu. Pini huru ina vipande vichache vya kuvunjika, na springi ndogo kama ile ingekuwa ya kwanza kuchoka. Muundo huu umechagua wepesi, ukamwachia mtumiaji wajibu wa kudumisha nafasi tupu. Jaribio lake ni la sikio: bolti ikishatolewa, ikasafishwa kwa mafuta ya taa hadi ndani ya njia ya pini na kukaushwa, hutikiswa karibu na sikio, na pini lazima isikike ikigonga huku na huku. Bolti iliyo bubu haifai kurudishwa. Kipimo hiki ni bora kuliko vingi vilivyoandikwa kwa maneno mengi, maana hakihitaji chombo chochote na hakikubali jibu la nusunusu.

Tukiacha pini, hitilafu nyingine husomeka kwa mahali lilipokutwa ganda. Ganda likibaki ndani ya chemba huku bolti ikiwa imerudi na kucha imeliachia, tatizo ni la chemba au la kucha: grisi iliyokauka kwa moto, kutu, alama za chombo kilichochonga chemba ikiwa silaha ni mpya kabisa, au uchafu chini ya kucha unaoizuia kushika ukingo. Ganda likikutwa limesimama wima, limebanwa na bolti kwenye dirisha, basi safari ya kurudi nyuma ilikuwa fupi: ganda lilitolewa lakini halikukigota kitupio kwa nguvu ya kutosha. Hapo macho yapande juu, kwenye tundu la gesi lililozibika, kwenye pistoni iliyokaza, kwenye kisukumio ambacho springi yake imejaa grisi, au kwenye reli zilizokauka. Ganda likiwa limetoka vizuri lakini risasi inayofuata haijachotwa, bolti ikipita juu yake, safari tena ilikuwa fupi, ila kwa kiasi kidogo zaidi, au springi ya magazini inainua polepole kuliko bolti inavyorudi. Na risasi ikikutwa imeinamisha pua chini mbele ya chemba, aliyejaza magazini aangalie kazi yake kabla ya kuilaumu bunduki: zile kumi hushindiliwa kwa pamoja kutoka kwenye klipu, na moja ikikaa upande, iliyo juu yake haiwezi kukaa sawa.

Kinachostahili kusisitizwa ni kwamba dalili mbili za katikati, ganda kusimama na risasi kutochotwa, ni sentensi moja iliyokatizwa katika nukta mbili tofauti. Fundi anayezitibu kama magonjwa mawili anaweza kubadilisha springi ya magazini bure. Anayeusoma msururu mzima atauliza swali moja, nguvu imepotelea wapi, kisha atarudi nyuma kiungo kwa kiungo kutoka kwenye ganda hadi kwenye tundu la gesi. Na kwa silaha mpya jibu mara nyingi huwa jepesi: grisi ya kuhifadhia haijatoka kwenye kisukumio. Kipande hiki kimejificha ndani ya msingi wa alama ya kulengea ya nyuma, hakionekani hata mtu akishatoa bolti na pistoni, na hutoka tu wenzo wa silinda ukizungushwa kupita mahali ambapo wengi huukomesha. Hapa namlaumu msanii kidogo. Kiungo muhimu namna hiyo kisingefichwa nyuma ya hatua ambayo mkono wenye haraka huiruka.

Sasa nchi yenyewe iingie. Handeni ni tambarare na vilima vikavu, na barabara zake za vumbi hutoa unga mwekundu unaopenya hata kwenye mzigo uliofungwa. Vumbi hilo likikutana na mafuta mengi hutengeneza uji wenye chembe ngumu, na uji huo husaga reli za kibebabolti badala ya kuzilainisha. Kule, mkono mzuri ni mkono mchoyo: utando mwembamba kabisa, nje pakavu, na grisi iachwe nyumbani. Panda upande wa Mpale na milima ya Usambara, adui hubadilika. Ukungu wa asubuhi hukaa juu ya chuma, mvua hazichagui msimu kwa ukali, na bunduki iliyowekwa kavu usiku inaweza kuamka na madoadoa ya kutu kwenye kila uso uliopoteza rangi yake nyeusi. Kule mafuta huongezwa, hasa nje ya mtutu na chini ya mbao, pale unyevu unaponaswa bila kuonekana. Matini ni ileile, lakini usomaji wa Handeni ukipelekwa Mpale bila kubadilishwa huzaa kutu, na wa Mpale ukishushwa Handeni huzaa mchanga. Maeneo ya ukavu niliyoyataja, hata hivyo, hayahami: silinda, chemba na njia ya pini hubaki kavu bondeni na mlimani.

Aina ya mafuta nayo si jambo la kupuuza. Mafuta ya kupikia, ambayo mtu huyakimbilia kwa kuwa yapo jikoni, huganda na kunata kadiri siku zinavyopita, na baada ya muda huifanya kazi ya ile grisi ya ghalani. Mafuta safi ya injini huvumilika zaidi. Dizeli husafisha, lakini haikai.

Kuna jambo moja ambalo mwindaji wa gobore analijua na askari wa SAR hulisahau, nalo ni maji. Gobore hutumia baruti nyeusi, ambayo huacha mabaki yanayovuta unyevu, na mwenye gobore huosha mtutu kwa maji ya moto kabla hajafikiria mafuta. Risasi za kisasa zinaonekana kuwa zimemwondolea mtu kazi hiyo, na kwa baruti yenyewe ni kweli. Lakini risasi nyingi za zamani za Urusi na China za ukubwa huu zina fataki yenye klorati ya potasiamu, na ikilipuka huacha kloridi, chumvi iliyo jamaa ya karibu wa chumvi ya mezani. Mafuta hayayeyushi chumvi. Ukipaka mafuta juu yake, umeifunika tu, nayo itaendelea kuvuta unyevu wa Mpale chini ya utando unaong'aa. Mtutu wa SAR ya Kichina kwa kawaida umepakwa kromu ndani na unaweza kustahimili uzembe; pistoni na silinda ya gesi, ambazo chumvi hiyo huzifikia pia, mara nyingi hazina kinga hiyo. Basi utaratibu sahihi ni maji ya moto, kukausha kabisa, kisha mafuta mahali pake. Gobore lenye sifa duni, likisomwa sambamba na SAR, linageuka kuwa ufafanuzi wake.

Mkoa huu wa Tanga umewahi kulisoma somo la unyevu kwa kiwango kikubwa zaidi. Aprili 1915 meli ya Kijerumani Rubens, iliyojivika sura ya meli ya Denmark, ilifika ghuba ya Manza kaskazini mwa Tanga ikifukuzwa na manowari ya Kiingereza Hyacinth, ikazama kwenye maji mafupi pamoja na bunduki na risasi zilizokusudiwa kwa jeshi la Kijerumani la kamanda Lettow-Vorbeck. Shehena iliopolewa, na risasi zilizolowa maji ya bahari zikalazimika kufumuliwa, kukaushwa na kuundwa upya kwa mikono. Nalitaja tukio hilo kwa sababu linaonyesha mpaka wa kila nilichosema: muundo wa bunduki, hata uwe bora vipi, hauwezi kusahihisha fataki iliyolowa. Risasi ikigongwa isitoke, mpigaji asubiri kwa kitambo mtutu ukielekea mahali salama kabla ya kuvuta bolti; na alama ya pini kwenye fataki ikiwa na kina cha kutosha, silaha imeshamaliza sehemu yake.

Lipo pia la kumsifia Simonov bila masharti. Ameipa kazi yake vyombo vya kuihakiki: mdeki umelala chini ya mtutu, na ndani ya kitako, nyuma ya kijimlango cha chuma, kimo kikasha chenye brashi na vifaa vya kufungulia. Ubaya mmoja unaoandamana na wema huo ni kwamba chumba cha bolti hakikufunguliwa kwa nyuma, kwa hiyo mdeki lazima uingie kwa mdomoni. Mkono usio na subira huukwaruza ukingo wa mdomo wa mtutu, pale risasi inapoachana na chuma kwa mara ya mwisho, na ukingo huo ukilika upande mmoja, shabaha hupotea huku kila kitu kingine kikiwa sawa. Msomaji mwema huelekeza mdeki kwa vidole, taratibu, na hutazama ukingo huo kabla ya kutazama kitu kingine chochote.

Hatua ya mwisho ya usomaji huja baada ya risasi za kwanza kufyatuliwa, wala si kabla. Silaha mpya ikishapiga magazini mbili tatu na kufunguliwa tena, rangi yake nyeusi itakuwa imeanza kufutika mahali fulani na kubaki mahali pengine. Mistari ing'aayo kwenye reli, doa kwenye migongo ya kibebabolti, mkwaruzo kwenye upande mmoja wa bolti: hiyo ndiyo ramani ya msuguano halisi wa bunduki hiyo moja, tofauti na michoro ya kitabu cha mafunzo. Doa likiwa sawa pande zote mbili, vipande vinakaa kama vilivyokusudiwa, na hapo ndipo mafuta yawekwe. Likiwa upande mmoja tu, kuna kibanzi cha chuma kilichoachwa na mashine ya kiwandani, au pistoni imepinda; mafuta yatalificha jambo hilo kwa siku chache, kisha ganda litaanza kusimama wima dirishani. Kibanzi huondolewa na fundi wa silaha kwa jiwe laini la kunolea, kidogo kidogo, na kipande hurudishwa na kujaribiwa kwa mkono kila baada ya mipito michache ya jiwe, kwa kuwa chuma kilichozidi hupungua, na kilichopungua hakirudi.